Maswali ambayo viongozi wa kanisa huulizana kikao kikishafungwa

Majibu haya ni kwa mzee wa kanisa, mwinjilisti, mwenyekiti wa jumuiya, katibu wa kwaya, na mchungaji wa usharika wenye mitaa minne na pikipiki moja. Maswali yenyewe ni yale yanayojitokeza sala ya kufunga ikishasemwa, watu wamesimama barazani wanasubiri mvua ipungue. Mengi yanahusu Tanzania na Kenya. Kila kanisa lina katiba yake. Pale katiba yenu inaposema vingine, fuateni katiba.

Nimechaguliwa mzee wa kanisa na sikusoma chuo cha Biblia. Nianzie wapi?

Anzia kabatini. Omba mihtasari ya vikao vya miaka mitatu iliyopita uisome yote. Utajua kiwanja kina hati au hakina, fundi gani bado anadai, na ahadi zipi zilitolewa kwa makofi zikaishia hapo hapo. Wazee wapya wengi wanaingia na hoja ya kuezeka upya wakati hawajui kwamba bati za mwanzo hazijamalizwa kulipiwa.

Kisha tembea eneo lako, nyumba kwa nyumba, bila daftari la michango. Watu wakizoea kwamba mzee akibisha hodi anadai ahadi, watajifunza kutokuwepo nyumbani.

Kuhusu elimu, soma polepole orodha ya sifa katika 1 Timotheo sura ya 3. Ujuzi unaotajwa ni mmoja tu, kufundisha. Yaliyobaki ni tabia: kiasi, ukarimu, kutopenda fedha, jinsi unavyoishi na watu wa nyumbani mwako. Apolo Kivebulaya alivuka kutoka Uganda kwenda Mboga, Congo, mwaka 1896 akiwa mwalimu wa dini tu, kabla ya kupewa daraja lolote la ukasisi, na Waanglikana wa Congo mpaka leo wanahesabu mwanzo wao kwake. Chuo ni kizuri, nenda ukipata nafasi. Lakini usisubiri cheti ndipo uwajulie hali wagonjwa.

Sadaka ihesabiwe vipi, na nani ashike?

Ibada imekwisha. Nje mnada unaendelea: yai moja linakwenda kwa elfu mbili, aliyelinunua analirudisha linauzwa tena, mkungu wa ndizi unasubiri zamu, jogoo amefungwa miguu anatazama watu. Ofisini vikapu viko mezani. Noti zinanyooshwa, sarafu zinapangwa mafungu mafungu, kila bahasha inafunguliwa na namba yake kuandikwa daftarini kabla fedha haijachanganywa na nyingine. Nusu saa hiyo ina uzito kuliko vikao vingi vya maendeleo.

Wahesabuji wawe watatu au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Mchungaji asihesabu, asiguse hata noti. Jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie saini kabla mtu yeyote hajatoka chumbani. Fedha ya mnada iletwe mezani hapo hapo, na yule aliyesema “andikeni, nitatuma jioni” aandikwe kama mdaiwa, siyo kama mtoaji. Jumatatu fedha yote iende benki ikiwa kamili. Mkianza kumlipa mlinzi na kununua vocha ya umeme kutoka kapuni, mwisho wa mwezi hesabu haitakaa sawa, na hakutakuwa na mwizi wa kumkamata. Jumapili inayofuata kiasi kitangazwe, hata kama ni kidogo cha kuona haya.

Mifuko maalumu iheshimiwe. Fedha ya jengo ni ya jengo. Halmashauri “ikikopa” kutoka mfuko wa jengo ili kugharamia safari ya kwaya, iandike nani ataurudishia, lini, na kutoka chanzo gani. Bila maandishi hayo, huo siyo mkopo.

Mhazini wetu ni mcha Mungu wa kweli. Kumwekea watu wa kumwangalia si kumvunjia heshima?

Ni kumpa heshima. Siku mtu akizusha maneno, na siku hiyo huja, mhazini aliyehesabu na wenzake watatu ana mashahidi. Aliyehesabu peke yake ana kiapo tu.

Paulo aliliona hili mapema. Alipokusanya michango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuibeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba makanisa yamechagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu asipate la kumlaumu kwa habari ya fedha hiyo. Huyo ni Paulo! Na katika wale kumi na wawili kulikuwa na mmoja aliyeshika mfuko peke yake. Yohana 12:6 inaeleza alivyoutumia.

Waumini wanatuma sadaka kwa namba ya simu ya mchungaji. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo hata kama mchungaji ni malaika. Fedha ya kanisa ikiingia kwenye laini yake inachanganyika na ada ya mtoto wake, na yeye mwenyewe baada ya wiki mbili hawezi kuzitenganisha. Akihamishwa, namba inaondoka naye. Akifariki, salio ni mirathi. Fungueni namba ya malipo kwa jina la usharika, iunganishwe na akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na taarifa ya kila mwezi isomwe kikaoni pamoja na ya kapu. Na hundi isisainiwe ikiwa tupu, eti kwa sababu mwenyekiti anasafiri. Asafiri, malipo yatamsubiri.

Nimechoka. Nasimama madhabahuni na ndani sina kitu. Je, nimepoteza wito?

Huenda umepoteza usingizi. Anza na hilo kabla hujaanza kuchunguza wito.

Elia, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, alilala chini ya mti jangwani akiomba afe. Tazama katika 1 Wafalme 19 alichotendewa. Hakuhubiriwa. Malaika alimwamsha akampa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini. Yalipokuja, Elia alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwa kumpa kazi, kumtajia Elisha, na kumwambia kuna wengine elfu saba. Uchovu wake ulikuwa wa mwili, na wa kudhani hana mwenzake.

Kwa hiyo jiulize maswali ya chini kabisa. Umelala saa ngapi wiki hii? Misiba mingapi umezika? Mara ya mwisho kupima shinikizo la damu na sukari ilikuwa lini? Mchungaji akitembelea nyumba tano kwa siku, anakunywa chai tano zenye sukari ya heshima na maandazi juu yake, maana kukataa ni kumdharau mwenye nyumba. Miaka kumi ya upendo huo inaonekana hospitalini. Sema tu, “Mama, daktari amenikataza, nipe maji,” na maji yatakuja kwa furaha ile ile.

Kama umelala, umekula, umepumzika, na bado giza halitoki, unaamka alfajiri na moyo unakwenda mbio, huoni sababu ya kuishi, mwone daktari. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Usimwache mtu akuambie ni upungufu wa imani, na wewe usimwambie muumini hivyo.

Mchungaji apumzike siku gani?

Wengi huchukua Jumatatu. Siku yoyote inafaa ikitangazwa, na ikijulikana nani anapokea simu za msiba siku hiyo. Yesu aliwaambia wanafunzi waende faraghani wakapumzike kidogo wakati watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata (Marko 6:31). Kazi haikuwa imekwisha.

Kiongozi akiwa na shida yake mwenyewe, amwambie nani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na kukosekana kwa jibu lake kumeangusha wengi kuliko mafundisho potofu.

Washarika hawafai, ni mzigo usio wao. Askofu au mkuu wa jimbo anafaa nusu, kwa kuwa ndiye atakayeamua uhamisho wako. Mwenzi wa ndoa anafaa, lakini hawezi kubeba yote. Unahitaji watu wawili au watatu wa kiwango chako, ikiwezekana wa usharika mwingine au hata dhehebu jingine, wanaoweza kukuuliza lolote: fedha, ndoa, simu yako usiku, sala zako. Mkutane mara moja kwa mwezi, mle pamoja, msimame na ukweli.

Afrika Mashariki tuna urithi wa jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba, Kenya na Burundi, ulidumu kwa vikundi vidogo ambamo watu walikiri dhambi zao wazi, wakakemeana na kuimba “Tukutendereza”, yaani “twakusifu” kwa Kiganda. Waliita kutembea nuruni. Askofu aliketi na mkulima, na mkulima alikuwa na ruhusa ya kumwambia, “Ndugu, jana ulimjibu mkeo vibaya.” Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alilelewa katika ushirika huo. Februari 1977 alipolazimika kutoroka usiku na mkewe kwa miguu kupitia milima hadi Rwanda, hakuwa mtu aliyezoea kubeba mambo peke yake. Wazee wa Uamsho walikuwa na ukali wao, na wakati mwingine walipita kiasi katika mavazi na nywele. Vikundi vyao lakini vilijua jambo ambalo semina zetu za uongozi hazilifundishi.

Watu wa kabila fulani wananung'unika kwamba misaada ya kanisa inakwenda kwa wengine. Tunyamaze yapite?

Hayapiti. Kanisa la Yerusalemu lilikutana na jambo hili hili: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika wala hawakuwaomba waombe zaidi. Waliita mkutano, wakasema watu wachaguliwe, na ukiyasoma majina saba katika Matendo 6 utaona yote ni ya Kiyunani. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika.

Jaribuni hilo na kamati yenu ya diakonia. Kwanza hakikisheni malalamiko yana ukweli. Chukueni daftari la misaada la mwaka mzima mhesabu. Mara nyingine itaonekana ni maneno tu. Mara nyingine hesabu itawanyamazisha nyinyi.

Mwenyekiti wa akina mama na kiongozi wa kwaya hawasalimiani. Nani aanze?

Mathayo 18 inasema aende aliyekosewa, peke yake kwanza. Sisi tunaruka hatua hiyo na kuanzia kwenye kundi la WhatsApp. Ukiletewa kesi, uliza swali moja: “Umeshamwambia mwenyewe?” Kama jibu ni hapana, usiisikilize zaidi. Ukishaisikia nusu yake umekuwa upande. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba wa kwanza kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje.

Wakigoma kukutana, waite kwa mzee anayeheshimiwa na wote wawili, nyumbani, siyo ofisini, na kuwe na chakula. Ugomvi wa kwaya huwa na sare, safari au fedha ya kurekodi chini yake. Chimba hapo.

Mwanamke kijana anataka ushauri wa faragha. Nifanyeje?

Mpokee, mlango ukiwa wazi, mahali mtu anaweza kuwaona bila kuwasikia. Mwenzako ajue uko na nani na mpaka saa ngapi. Baada ya kikao cha pili au cha tatu, kama shida ni nzito, mkabidhi kwa mama mwenye hekima katika usharika au kwa mshauri aliyesomea. Usishauri kwa meseji za usiku. Utaratibu huo huo utumike kwa mtumishi mwanamke na mwanamume anayemjia.

Siri itunzwe, asiambiwe hata mama mchungaji. Kuna mpaka mmoja: mtoto akibakwa, akipigwa au akiwa hatarini, hiyo si siri ya kutunzwa. Inakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, na ustawi wa jamii, hata kama mtuhumiwa ni mzee wa kanisa. Kumkutanisha mtoto na aliyemdhuru “wasameheane” ofisini ni kumdhuru mara ya pili.

Mgombea ameomba kuja ibadani, na amesema hatakuja mikono mitupu.

Aje asali, aketi na watu. Maikrofoni ni ya ibada. Akitaka kutoa, atoe kapuni kama wengine, bila kutangazwa kiasi. Utashangaa wengine watakavyokumbuka kwamba wana safari.

Uamuzi huu usiwe wa mchungaji pekee, baraza liuandike kabla ya msimu wa kampeni, ili siku hiyo uweze kusema, “Mheshimiwa, ndivyo baraza lilivyoamua.” Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto aliipa parokia ya Soweto, na sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda uhuru wa kanisa. Parokia ingekuwa peke yake isingeweza. Jimbo zima liliweza.

Hata ujasiri mkubwa wa historia yetu ulikuwa wa pamoja. Barua ya kumpinga Idi Amin ya Februari 1977 ilikuwa ya maaskofu wa Uganda kwa pamoja, siyo ya Askofu Mkuu Janani Luwum peke yake, ingawa ndiye aliyeuawa tarehe 16 mwezi huo. Askofu David Gitari wa Kenya alihubiri dhidi ya kura za mlolongo, za watu kupanga foleni nyuma ya mgombea wao, miaka ya 1980, na mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Waliojitokeza kumwokoa ni majirani. Mchungaji anayekusudia kusema ukweli kwa wakubwa ahakikishe kwanza amewajua majirani zake.

Waumini wetu wanakimbilia kwa manabii wa mafuta na maji ya upako. Tuwatangaze?

Kumtukana nabii madhabahuni ni kumfanyia matangazo ya bure. Uliza kwanza wanachokwenda kutafuta. Mara nyingi ni mtoto mgonjwa, ndoa bila mtoto, kijana bila kazi, na kwenu walipata “tutakuombea” wakati mnaelekea getini. Kule wanawekewa mikono na kuitwa kwa majina. Wekeni saa ya maombi ya kweli kwa wagonjwa, mfuatilie nyumbani, mwapeleke hospitali.

Hatari yenyewe lakini isemwe waziwazi. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hata kufa. Wafundisheni washarika dalili: kiongozi asiyeulizwa, anayekataza hospitali na shule, anayewatenga watu na ndugu zao, ambaye hakuna baraza linaloweza kumwita. Kisha mjiulize kama baraza lenu linaweza kumwita mchungaji wenu.

Nimesingiziwa. Nijitetee?

Usijitetee katika mahubiri. Hakuna anayeweza kukujibu pale, na kila mtu anajua. Omba mwenyewe uchunguzi, kwa maandishi, kwa ngazi iliyo juu yako, na ukabidhi vitabu. Maandiko yanakulinda: mashtaka juu ya mzee yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19). Soma na mstari unaofuata, unaosema wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote.

Familia yangu inalalamika.

Wasikilize kabla ya kikao kijacho. Watoto wa mchungaji wanahamishwa shule, wanachunguzwa nguo, na baba wanamwona akicheka na watoto wa wengine. Wapeni jioni moja isiyoguswa. Na usharika uache kudhani mama mchungaji ni mwajiriwa wa pili asiye na mshahara. Kama hawezi kuongoza kwaya, hawezi.

Nitamwandaaje atakayenipokea?

Mpe kazi kamili, siyo vipande. Amwongoze mgonjwa kwenye sala wewe ukiwa kimya pembeni. Aendeshe kikao cha halmashauri mpaka mwisho, hata anapokosea ajenda. Katika 2 Timotheo 2:2 kuna vizazi vinne mstari mmoja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao. Ukihamishwa, andika makabidhiano: madeni, hati, funguo, wagonjwa wasioweza kutoka, ndoa zinazoyumba (hizi umwambie kwa mdomo tu). Baada ya hapo usipigiwe simu kuulizwa kama mchungaji mpya anafaa. Ukipigiwa, msifu na ukate.

Nina miaka 52, naishi nyumba ya usharika. Nikistaafu nitakwenda wapi?

Swali zuri, na lingefaa kuulizwa ukiwa na 32. Angalia leo kama michango yako ya hifadhi ya jamii inapelekwa. Wapo wanaokatwa kwenye mshahara na fedha haifiki. Omba taarifa ya michango, siyo ahadi ya mdomo. Nunua kiwanja kidogo unapoweza, chenye maandishi ya serikali ya kijiji au mtaa na mashahidi, kwa jina lako na la mwenzako, ujenge taratibu, tofali kwa tofali. Washarika wakitaka kukupa zawadi ya kuagwa, waambie wazee mapema, bila haya, kwamba mifuko ya saruji itafaa kuliko kochi.

Baraza nalo liweke jambo hili kwenye ajenda ya mwaka: mchungaji wetu na mwinjilisti wetu wanachangiwa, ndiyo au hapana, na stakabadhi iko wapi.